Fundi wa Nibu wa Njisi na Kalamu Iliyofichwa Darini

Saa moja asubuhi, Njisi. Ukungu wa ziwa bado haujatoka kwenye migomba, na Ezra Mwangoka ameinama mbele ya mkono wa mtu.

Mkono ni wa karani wa forodha wa Mwaya, mtu wa pwani, aliyekuja kwa miguu akiwa ameviringisha kalamu yake katika kitambaa. Ni moja ya zile kalamu za kifahari zinazobeba wino tumboni, ambazo huku huonekana kwa mabwana wa boma, wenye mashamba na manahodha wa meli. Hii karani aliachiwa na bwana wake aliyerudi Ulaya. Tangu siku hiyo imekuwa ikimkwaruzia karatasi.

“Andika,” Ezra anamwambia.

“Niandike nini?”

“Chochote. Mimi siangalii karatasi.”

Na kweli haangalii. Anatazama kidole gumba cha karani kinavyobonyea, kiwiko kinavyokaa, na ngumi inavyochoka mwisho wa mstari. Karani anaandika jina lake, kisha la mama yake, kisha anaishiwa na maneno. Ezra anamwambia aendelee tu. Anataka kuuona mkono ukiwa umesahau kwamba unatazamwa.

Baadaye anaichukua nibu ya zamani, ile ncha ya kalamu, anaigeuzageuza kwenye mwanga, na kutoa hukumu. “Hii ilikatiwa mtu mnene mwenye haraka. Wewe huna haraka. Inakukataa.”

Njiani kinasikika kikohozi. Anayekuja ni mzee Eliud, baba yake Ezra, mhunzi wa majembe tangu enzi za kabla ya Wadachi, ambaye sasa ndiye anayevuta mvukuto wa mwanawe. Mzee haumwi kifua. Anakohoa ili wakwe zake wasikie. Huku mke hakutani na baba mkwe: akimsikia anakuja, huacha njia na kushuka migombani hadi apite. Hamtaji kwa jina, wala hasogei mahali anapokaa. Wamisionari wameshauri mara nyingi kwamba jambo hili lilegezwe. Watu huitikia kwa heshima, kisha wanaendelea kukohoa.

“Ugonile,” mzee anamsalimu karani, anaketi penye mvukuto, na kutwa nzima hatoki pale.

Kazi yenyewe ni ya subira. Mteja huleta dhahabu yake: pete iliyokatika, au sarafu ya Kiingereza kutoka Karonga, ng’ambo ya mpaka. Ezra anaiyeyusha, anaifua mpaka inakuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, anaikata, anaikunja, kisha anaipasua katikati ili wino upate njia. Mwishoni anailainisha ncha kwenye jiwe jeusi la mtoni, la aina wanayotumia wafinyanzi wa Ikombe kung’arishia vyungu vyao. Mzee Eliud alilipata miaka mingi iliyopita kwa kubadilishana na majembe, na amri yake ni moja: jiwe halitoki karakanani.

Kwa nibu moja Ezra hupata rupia nne. Kodi ya nyumba ni tatu kwa mwaka, hivyo majirani humwona tajiri. Ila kuna miezi mvua inapokata njia, mteja haonekani hata wa dawa, na fundi wa dhahabu anashika jembe kulima mpunga kama watu wengine.

Ezra ni mtu wa wivu, na halifichi hilo. Ana wivu hata na nibu zake. Mwaka jana mwenye shamba mmoja alileta kalamu aliyotengenezewa hapahapa, akilalamika kwamba imeharibika. Ezra aliitazama ncha, akamuuliza amemwazima nani. Yule bwana akakiri kwamba ndugu yake aliitumia wiki nzima. Ezra akamwacha nje juani mpaka hasira zake mwenyewe zilipopoa.

“Nibu ni kama mswaki,” anasema. “Humwazimi mtu mswaki.”

Lakini wivu wake mkubwa una jina, na jina hilo ni Lutengano. Lutengano anakaa Busale, naye anakata nibu. Wote wawili walifundishwa na sonara mmoja wa Kihindi aliyekuwa Mwaya, ambaye baadaye alipanda meli akaenda zake.

“Yule sonara alikuwa akiishika kazi ya Lutengano na kuitazama kwa muda mrefu,” Ezra anasema. “Yangu alikuwa anaitazama na kuirudisha.” Anachukua tupa. “Mpaka leo mtu akiniambia anakwenda Busale, namuuliza anakwenda kufanya nini.”

Sasa fikiria mtu wa namna hiyo, siku moja mwishoni mwa masika, anapapasa darini kwake akitafuta kamba, na mkono wake unakutana na kalamu.

Kishikio kilikuwa cha mwanzi, kitu cha bure. Nibu ilikuwa ya dhahabu. Ezra aliishusha mpaka mlangoni penye mwanga, na hakuhitaji kuuliza imetoka wapi. Ule mpasuo mrefu kuliko kawaida, yale mabega yaliyoshuka, aliyajua kama anavyoijua sauti ya mtu anayemchukia. Ilikuwa kazi ya Lutengano. Ncha yake ilikuwa imekatwa mshazari, imelala upande usio wake.

“Nilisema, hata kazi yenyewe ameiharibu,” anakumbuka. “Halafu nikakumbuka imetoka wapi, nikaona giza.”

Ilikuwa ya mkewe, Angetile. Kwao ni Busale, na mwezi uliotangulia alikuwa amekwenda kumtazama mama yake. Amekwenda mikono mitupu, amerudi na dhahabu ya mwanamume mwingine, na ameificha.

Ezra hakuuliza. Aliirudisha kalamu pale pale, na jioni Angetile alipoweka ndizi mbele yake, akasema ameshiba. Kesho yake akasema ameshiba. Huku mume akikataa chakula cha mkewe, hana haja ya kusema neno jingine. Kijiji kizima huelewa kwamba ng’ombe wa mahari wanaanza kuhesabiwa upya. Watu walianza kumtazama Angetile kisimani. Ezra alikula kwa marafiki zake, akalala akiwa ameelekea ukutani, na kila alipofumba macho aliiona ile nibu na mkono wa Lutengano ukiushika mkono wa mkewe.

“Mimi nilijua nibu hukatwa vipi,” anasema. “Lazima uutazame mkono. Unautazama mpaka umeuzoea. Hilo ndilo lililokuwa linaniua.”

Siku aliyoamua kupeleka habari kwa wakwe zake ili ng’ombe warudi, alipita kwanza kwa Lutengano.

Alimkuta anapiga tupa mlangoni. Lutengano ni mtu mrefu, mwenye maneno ya polepole yanayokera. Alimkaribisha, akamletea kigoda. Ezra akabaki amesimama.

“Umemkatia mke wangu nibu.”

“Nimemkatia.”

“Ya dhahabu.”

“Ya mabaki. Vumbi la dhahabu nililokuwa nakusanya. Alileta kikapu cha mchele, mama yake akiwa naye, na mama ndiye aliyepanga bei. Kamuulize.”

“Na hata hivyo umeikata vibaya. Ncha imelala upande.”

Hapo Lutengano aliweka tupa chini. Ezra anasema alimwona akijitahidi asitabasamu, na akashindwa.

“Ezra. Kwani mkeo anaandika kwa mkono gani?”

Ezra alikuwa akiujua mkono wa nahodha, wa karani, wa mwenye shamba na wa ndugu wa mwenye shamba. Alikuwa amemwona Angetile akila kwa mkono wa kulia, akipakua kwa mkono wa kulia. Akiandika, hakuwa amemwona hata mara moja.

“Kushoto,” Lutengano alisema. “Tangu mtoto. Mama yake alimchapa mpaka akaacha kulia chakula kwa mkono huo. Darasani kwa misheni wakamfunga kitambaa. Akifika nyumbani alikuwa akiandika kwenye vumbi nyuma ya ghala, sisi watoto wa jirani tunamtazama. Wa kushoto anausukuma wino, hauvuti. Ndiyo maana ncha imelala. Ungeijaribu, ungejua.”

“Mbona hakuja kwangu?”

“Nami nilimuuliza hivyohivyo. Akasema mwaka jana alikuomba nibu, ukamwambia aje karakanani kama wateja wengine.”

“Ndivyo nilivyomwambia. Nilimngoja. Nilimwekea kipande cha dhahabu pembeni. Hakuja.”

“Angekujaje? Nani anavuta mvukuto pale kwako?”

Ezra anasema hapo ndipo alipokiona kigoda, akakikalia. Maisha yake yote amesikia kikohozi cha baba yake njiani. Ameona wanawake wakishuka migombani asubuhi na jioni, na mkewe ni mmoja wao. Hakuwahi kuunganisha mambo hayo na karakana yake. Kwake karakana ilikuwa mahali pa kazi. Kwa Angetile ilikuwa mahali asipoweza hata kuangalia. Kumwambia aje pale ilikuwa ni kumnyima mbele ya macho yake, na kwa mwaka mzima mwanamke huyo aliamini kwamba amenyimwa makusudi. Na yeye Ezra kwa mwaka mzima aliamini kwamba amedharauliwa.

“Chuma kingemtosha,” alimwambia Lutengano wakati wa kuondoka. “Kwa nini ulitia dhahabu?”

Lutengano hakuzungusha maneno. “Wateja wote wa Mwaya wanapita hapa mlangoni kwangu kwenda kwako. Una jiwe la baba yako, una jina la baba yako. Nilitaka siku moja uione kazi yangu nyumbani kwako, na uijue ni ya nani.”

Ezra anasema kwamba alirudi Njisi akiwa na wivu zaidi kuliko alivyokwenda. Mtu anaweza kusamehe mengi, lakini si kwamba mwenzake ameujua mkono wa mke wake kabla yake.

Jioni ile alikula. Angetile alimtazama anavyotafuna, kisha akasema, “Umekwenda Busale.”

“Nimekwenda. Mbona uliificha?”

“Mbona hukuniuliza? Siku zote hizi umeacha watu wanitazame kisimani, bwana wangu, na ulimi unao.”

“Ungeniambia kwamba huwezi kuja kule.”

“Nikuambie kwamba baba yako ni baba yako?” Angetile alikusanya vyombo. “Nilidhani unajua. Nikangoja utambue mwenyewe kwamba unajua. Nilipochoka kungoja, nikaenda kwetu.”

Ezra alitaka ile nibu ivunjwe. Angetile akakataa, kwa sababu inaandika vizuri. Neno hilo lilimuuma kuliko yote, na akalimeza.

Tangu hapo nyuma ya nyumba ya Ezra kimesimama kibanda cha pili, kidogo, cha mianzi na nyasi, mbali na njia anayopita mzee. Kina fuawe ndogo na mvukuto mmoja. Kilichokosekana kilikuwa jiwe, na Ezra hakuthubutu kuliomba.

Asubuhi moja Angetile alisikia kikohozi kikija upande usio wa kawaida, akaingia ndani. Kikohozi kilisimama kwenye ukingo wa migomba, kikakaa kidogo, kikaondoka. Alipochungulia aliona jiwe jeusi limewekwa juu ya jani la mgomba. Hakuligusa. Alimwita mumewe.

“Ndaga,” Ezra alishukuru kuelekea kwenye migomba, ingawa hapakuwa na mtu tena.

Nibu ya kwanza aliyomkatia mkewe haikufaa. Angetile aliijaribu, akamwambia wazi kwamba inakwaruza. Ya pili ilidondosha wino. Fundi anayeendewa na manahodha ameshindwa mara mbili ndani ya uzio wake mwenyewe, na huyu anayemshinda anakaa Busale na anajua. Nibu ya Lutengano bado iko darini. Ezra anajua ni boriti ipi.

“Sitaivunja,” anasema. “Nataka siku moja aisahau mwenyewe. Siku hiyo nitaishusha, nitampelekea Lutengano, nimwambie ahsante. Na baada ya hapo nitawakatia wanawake wengine wa huku wanaojua kuandika. Wapo. Hawawezi kuja kule kwa mzee, watakuja hapa.”

Jua limepanda. Karani wa Mwaya ameambiwa arudi keshokutwa, na Ezra ameacha karakana na kuja kwenye kibanda kidogo. Kipande kile cha dhahabu alichokiweka pembeni kipo mkononi mwake. Angetile amekaa mkekani, karatasi juu ya ubao, kalamu katika mkono wa kushoto.

“Andika,” Ezra anamwambia.

“Niandike nini?”

“Chochote. Mimi siangalii karatasi.”

Angetile anaanza. Anaandika haraka, bila kuinua kichwa, kama mtu aliyekuwa na mengi ya kusema kwa muda mrefu. Ezra anautazama ule mkono unavyousukuma wino. Kisha anatazama mstari. Kisha shingo yake inaanza kurefuka taratibu kuelekea kwenye karatasi, kuona yameandikwa nini, na yameandikwa kwa nani.

Angetile anayafunika maneno kwa kiganja cha kulia.

“Mkono,” anamwambia mumewe. “Tazama mkono.”