Njia Iliyooa Shamba la Mzee Ruhara

Asubuhi niliyopewa ukapita, kiangazi cha mwaka tisini na moja, niliwaambia wafanyakazi wote waliosimama mbele yangu pale Kimisagara kwamba hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza mimi. Kapita, kwa vijana msiojua, ni msimamizi wa kikosi: anaita majina, anagawa majembe, na anatukanwa na wakubwa kwa niaba ya wote. Shule niliiacha darasa la tatu. Nilianza kama yede, yaani msaidizi wa fundi, nikichanganya zege kwa koleo, na sasa watu wenye cheti walikuwa wanangoja niwaambie wachimbe wapi. Kama mnamjua mwingine aliyefanya hivyo, mtajeni.

Tulikuwa tunajenga njia ya miguu na baiskeli kando ya kijito kinachoshuka hadi Nyabugogo, ili wabeba ndizi na wauza maziwa waache kugombania barabara na malori. Njia ya namna hiyo huanzia chini. Kwanza unapanga gabio, makasha ya waya yanayojazwa mawe ili maji yasile ukingo. Nyuma yake unajaza kifusi, na juu unamwaga laterite, ule udongo mwekundu wenye changarawe, unaoshindiliwa kwa dama. Dama ni gogo zito lenye mikono. Watu wawili wanaliinua na kuliachia. Likilia kavu, udongo umeshiba. Likilia kama unapiga unga uliokandwa, rudia. Mimi nilikuwa nasikia tofauti hiyo nikiwa ng'ambo ya kijito, huku nagombana na mtu.

Jambo moja la gabio usilisahau: msururu haukatwi. Ukiacha pengo, maji yanaingia nyuma ya makasha na kuyasukuma yote. Na sisi tulikuwa na pengo, pale kwenye kona, kwenye shamba la Mzee Ruhara.

Wapimaji walikuwa wamefika kwake kabla yetu. Hawakusalimia, hawakukaa, walikwenda moja kwa moja kupigilia piketi, vile vijiti vya kuonyesha mpaka, katikati ya migomba yake. Mhandisi, kijana mstaarabu aliyesomea Ulaya, alipokuja baadaye na karatasi ya komuni, yaani serikali ya mtaa, Mzee alimpokea vizuri.

"Piketi zenu zimeivisha maharagwe safi kabisa," alimwambia. "Leteni zingine."

Kumhamisha kwa sheria kungechukua miezi. Mvua za Septemba zilikuwa zinakaribia. Shefu wa shantie, yaani mkuu wa eneo la ujenzi na mkubwa wangu, alinivuta pembeni.

"Kapita, mvua ikikuta pengo hili, ukuta wote unakwenda Nyabugogo bila tiketi. Na wewe unarudi kwenye koleo."

Usiku ule sikulala. Kurudi kwenye koleo mbele ya watu niliowaambia hakuna kinachonishangaza! Asubuhi nikamwendea Kasiyani, fundi wetu wa mawe, mtu mzima anayezijua desturi.

"Muzehe, huyu mzee anakataa namna gani?"

"Anakataa kama baba mwenye binti," akasema. "Amekaa kitini, anatazama kama mmekuja na pombe."

Hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi ambayo shule haifundishi. Jumapili baada ya misa tulivaa vizuri, tukabeba mtungi wa pombe ya ndizi, tukaenda kuposa. Tulionja wenyewe kwanza, kama inavyompasa mwenye kuleta, kisha Kasiyani akatoa salamu ndefu na kusema tumeona kwa Mzee binti mzuri kandokando ya maji.

Mzee Ruhara alikunywa taratibu. "Huyo? Ameshaposwa. Magimbi yalimposa zamani."

"Magimbi ni majirani tu, Muzehe," nikadakia. "Bwana arusi wetu ni Njia."

"Njia! Ni mtoto wa nani?"

"Wa Kimisagara. Ana ndugu mpaka Gatsata."

"Anakunywa?"

"Hanywi, lakini anawafikisha walevi nyumbani."

Mkewe alicheka hadi akaweka chini sahani. Mzee mwenyewe hakucheka. "Binti yangu laini, mvua ikinyesha anateremka mtoni. Bwana arusi atamshika?"

"Kwa gabio, Muzehe. Mawe na waya."

"Na mimi nikitaka kwenda kumsalimia?"

"Tutaweka kidaraja juu ya mtaro, uvuke hadi kwenye magimbi yako."

Akaitikia kwa kichwa akiwa ameridhika. Nikajua nimeshinda, nikaanza kunyanyuka.

"Kaa, mwanangu," akasema. "Ng'ombe yuko wapi?"

Nilicheka. Nilicheka peke yangu. Kasiyani alikuwa anatazama viatu vyake.

"Binti haondoki bure," Mzee akaendelea. "Nataka mtamba. Mwenye mimba."

Mimi nisiyeshangazwa na kitu nilikaa pale mdomo wazi, hadi mama mwenye nyumba akaniuliza kama nina jino linaloniuma.

Kesho yake nilimweleza Mhandisi. Akashika kichwa. "Kapita, nina fungu la saruji, la waya na la mafuta. Ng'ombe nimwandike wapi?"

"Mwandike usafiri," Shefu akasema, akaondoka akicheka.

Basi nikatoa pesa zangu za mabati. Mke wangu aliponiona nafungua kopo aliuliza, "Unaoa?"

"Siyo mimi. Ni njia."

"Nyumba inavuja, wewe unaiolea njia!"

Mtamba nilimnunua Gatsata. Kasiyani alimsifu kwa maneno ya sifa za ng'ombe kama wanavyofanya kwenye harusi, na Mzee Ruhara akachukua panga, akakata migomba ya kwanza kwa mkono wake, maana binti hutolewa na baba. Tulifunga waya wa kasha la mwisho mawingu yakiwa yameshajaa Nyabugogo. Mvua ilipiga usiku kucha. Asubuhi nilishuka mbio bila kunawa uso. Kijito kilikuwa kinanguruma, chekundu, na ukuta ulikuwa umesimama kama nilivyouacha. Nilikaa juu ya gabio, nikacheka tena peke yangu.

Mwaka tisini na tatu Mzee alinitokea nyumbani akivuta ndama mwenye utepe shingoni.

"Binti akiolewa vizuri, ng'ombe aliyetolewa akazaa, ndama hurudi kwa wakwe," akasema. "Mtoto wa mjini wewe, hawakukufundisha?"

"Muzehe, bwana arusi ni njia. Hana zizi."

"Basi muuze. Ila siyo kwa mchinjaji."

Mauaji ya tisini na nne nawaachia wanaoweza kuyasimulia. Mimi naandika kazi. Nitasema tu kwamba Mzee Ruhara alipona, na mara ya kwanza nilipomwona baada ya hapo alikuwa anavuka kidaraja chake, jembe begani. Nilishukuru kwa sauti.

Nilifanya kazi hadi mgongo uliponistaafisha, nikajenga njia kubwa kuliko ile. Lakini jioni nashuka kwenye ile, nawatazama wenye baiskeli wakipita kwenye kona bila kujua wanapita kwenye ndoa. Mtamba alikuwa faranga elfu kumi na nane, pombe mia tisa. Ndama niliuza elfu kumi na tano na mia tano, nikaezeka. Kwa hiyo harusi nzima ilinigharimu faranga elfu tatu na mia nne.