Lishe ya Saba

Nyevu Chonga alikuwa na mikono mitulivu. Kwa miaka sita aliitumia kukata vipande vya majani vidogo kama punje ya mchele na kuvipanda ndani ya chupa, katika maabara ya vyumba vitatu huko Ganjoni. Majani yenyewe yalikuwa ya kile kimmea chenye maua ya rangi ya waridi kinachojiotea kando ya kuta, ambacho watu wazima huchemsha kutibu maradhi ya sukari. Ndani ya chupa hayakuota mche. Yalifura yakawa matonge laini ya seli, na seli hizo ndizo zilizokamuliwa dawa.

Kazi yake hasa ilikuwa kuchagua lishe, yaani ile jeli ya chumvi, sukari na homoni inayozilisha seli. Lishe ya zamani ilizinenepesha upesi, ila dawa yake ilikuwa hafifu. Bwana Badawi, mwenye maabara, alitaka kali. Nyevu akajaribu nyingine nane. Katika ya saba alipunguza homoni, akaongeza sukari maradufu. Seli zikaacha kukua, zikanywea, zikageuka kahawia. Dawa ikapanda mara nne.

Badawi alifurahi mno. Nyevu hakufurahi. Kwenye karatasi ya mashine ya kupimia, kando ya kilele cha mstari kilichoonyesha dawa waliyoizoea, palisimama kilele kingine, chembamba na kirefu, ambacho hakuwa amekiona katika lishe nyingine yoyote.

"Seli zikiteswa hutengeneza sumu ya kujikinga," alimwambia Badawi. "Hiki hatukijui ni nini. Tungoje tukipime."

"Si umeichagua mwenyewe?" Badawi akatabasamu. "Sasa waogopa kazi ya mikono yako?"

Nyevu akarudi kwenye chupa zake. Wiki iliyofuata chupa kumi na nne za dawa hiyo zilipelekwa kwenye duka la mitishamba Mji wa Kale.

Ulipoingia mwezi wa pili hakuweza kuvumilia tena. Alikwenda dukani akauliza ni nani anayeitumia, akaelekezwa kwa Bi Mwanakuu, mshona kofia.

"Sukari imeshuka, mwanangu, alhamdulillahi," Bi Mwanakuu alisema, akimkaribisha mkekani. Kofia ilikuwa mapajani mwake, lakini mshono haukwenda. Sindano ilimponyoka mara mbili. Mara ya tatu ilimchoma kidole, tone la damu likaenea kwenye kitambaa cheupe, naye akaendelea kuzungumza kama hakuna lililotokea.

"Bibi, umejichoma."

Akatazama kidole chake kwa mshangao. "Vimekufa ganzi hivi vidole. Uzee, nadhani." Buibui lilikuwa limetundikwa ukutani, na leso ya kichwani ilipoteleza Nyevu aliona upara juu ya sikio, laini kama wa mtoto mchanga. Kitana kilichokuwa dirishani kilijaa nywele.

"Usiinywe tena ile dawa. Hata tone."

"Kwani ina nini?"

"Mimi ndiye niliyeitengeneza."

Bi Mwanakuu alimkazia macho. "Ulijua?"

"Nilishuku."

Mama yule alikunja kofia polepole, akaiweka kando.

Siku hiyohiyo Nyevu alimpeleka hospitali, akaenda kwa wakaguzi wa dawa na chupa ya dawa na daftari lake la vipimo mkononi. Kisha akarudi Ganjoni, akajifungia maabarani, akazichemsha kwa mvuke chupa zote za lishe ya saba mpaka seli zikafa, huku Badawi akigonga mlango, kwanza kwa kubembeleza, halafu kwa matusi.

Zilirudi chupa kumi na moja, pamoja na ya Bi Mwanakuu. Tatu zilinunuliwa na wapita njia ambao mwenye duka hakuwajua kwa majina. Nywele za Bi Mwanakuu ziliota tena, lakini sindano hajaishika hadi leo.

Badawi alifunga maabara, akazima simu, hakuonekana tena mjini. Wakaguzi walimrudishia Nyevu daftari alilowakabidhi likiwa kamili. Alilifungua palepale kaunta. Ukurasa wenye vipimo vya kutengenezea lishe ya saba haukuwamo. Ulikuwa umekatwa kwa wembe, taratibu, na mtu asiyekuwa na haraka.