Kistari Kati ya Kichwa na Trela

Kabla ya kueleza jinsi nilivyomsingizia mtu, nieleze kwanza kazi yangu. Nilikuwa nimeitengenezea ofisi moja ya uwakala wa forodha, hapa Malaba, mfumo wa kutunza hati za malori. Karani anaskani hati, anaandika namba ya gari, na mfumo unatumia namba hiyo kuipa hati anwani yake ya mtandaoni. Mwenzetu wa ng'ambo, upande wa Uganda, anabofya ile anwani, hati inafunguka, lori linavuka. Niliupenda sana mfumo huo. Nilikuwa nikiufungua hata bila kazi, kuutazama tu.

Karani alikuwa mama mmoja wa Chakol ambaye ameandika namba za malori tangu enzi za karatasi ya kaboni. Alichapa kwa kidole kimoja, na kidole hicho hakikuwa na mazoea ya kukosea.

Wiki ya tatu ng'ambo nao wakaanza kuutumia, na mara wakalalamika. Hati za malori madogo zinafunguka, za trela hazifunguki. Kwetu zilifunguka zote. Foleni ya trela ikawa ndefu, madereva wakaja kusimama mlangoni. Bosi akaniita ofisini kwake mbele ya mama, akauliza shida iko wapi. Sikufikiri hata kidogo.

"Boss, system iko sawa," nikasema. "Shida ni vile inaandikwa."

Mama alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Bosi akasema Ijumaa atamleta karani mwingine, anayejua kompyuta.

Alhamisi nilivuka kwa miguu, nikaketi kando ya karani wa ng'ambo nikimtazama akibofya. Hapo nikaona jambo ambalo utingo yeyote wa Malaba angeniambia bure. Trela ina namba mbili, ya kichwa kinachovuta na ya trela yenyewe, na kati yake huwekwa kistari cha mshazari, kama hiki /, ile stroke. Ndivyo zinavyoandikwa kwenye kila karatasi mpakani, na ndivyo mama alivyoandika. Lakini ndani ya anwani kistari hicho kina kazi nyingine: kinaiambia kompyuta iingie folda ya ndani. Seva yetu ilikuwa mpole, ikalichukua jina lote kwa pamoja. Yao ilifuata sheria, ikaenda kutafuta folda ya kichwa ili humo ndani iione hati ya trela. Folda hiyo haikuwepo.

Nilijaribu kukificha kistari kwa alama maalumu, kama kanuni zinavyoruhusu. Mfumo wao ukaigeuza tena kuwa kistari kabla ya kusoma. Mwishowe niliipa kila hati namba kavu isiyo na maana yoyote, na namba za gari nikaziacha ndani ya ukurasa, ambako husomwa na watu. Zote zikafunguka. Nikamwandikia bosi neno moja: "Imerekebishwa." Yeye akaelewa kwamba mama ndiye aliyejirekebisha, nami nikamwacha aelewe hivyo. Moyo ulinisuta, ila si kiasi cha kuandika neno la pili.

Ijumaa asubuhi bosi alimpongeza mama mbele yetu kwa kujifunza haraka. Hakuna karani mwingine aliyeletwa. Saa nne mama alikuja mezani pangu na karanga za kukaanga ndani ya karatasi. Nikaanza kula.

"Zinafunguka sasa," akasema.

"Eeh, mama. Zinafunguka."

"Na mimi sijabadilisha kitu. Namba za trela bado naziandika vile vile, na stroke yake. Sasa nani alikuwa anakosea?"

Kinywa changu kilijaa karanga. Mama hakuondoka. Alivuta kiti, akaketi kama mtu anayengoja hati yake igongwe muhuri. Nikameza, nikainuka, nikabisha mlango wa bosi. Mama akanifuata ndani.

"Simama pale ulisimama ile siku ukisema ni mimi," akaniambia.

Nikasogea, nikasimama pale.