Baba Yangu na Mafahali wa Niigata

Hamu ya kuiona Japani niliipata kwa Haruko, mwalimu wa kujitolea tuliyefundisha naye sayansi hapa Kakamega. Alipokuwa akitusimulia habari za kwao, nilijiahidi kwamba likizo yangu ya kwanza ya kweli itakuwa huko. Nilipanga kwenda peke yangu: nivae kimono, ninywe chai ya kijani, nioge maji moto ya chemchemi. Kisha Haruko akanitumia video ya mafahali wakipigana kijijini kwao, katika milima ya Niigata. Nikamwonyesha Baba.

Baba amefuga mafahali wa kupigana tangu ujana wake. Lakini siku fahali wake Radi alipogeuka na kukimbia mbele ya umati kule Khayega, Baba aliacha kabisa kwenda uwanjani. Radi akazeekea zizini. Sisi tulidhani mzee anaona aibu.

Video ile aliirudia tena na tena. "Hawa watu wanapiganishanga mafahali kama sisi?"

"Kama sisi, Baba."

"Basi mimi sibaki."

Angani, Baba alibandika paji la uso kwenye dirisha tangu Nairobi. "Mawingu yako chini yetu," alininong'oneza, "na bado tuko hai!" Nilicheka mpaka mhudumu akaja kuuliza kama tunahitaji kitu.

Kutoka Tokyo tulipanda treni ya kasi. Majengo yalitukimbia, kisha tukaingia kwenye mahandaki marefu, na tulipotoka tukakuta mashamba ya mpunga na milima ya kijani kibichi. Baba alikuwa akitafuta ng'ombe kwa macho tu.

Kijijini, Bwana Kenji, baba yake Haruko, alitupokea mlangoni kwa kuinama. Baba naye akainama. Kila mmoja alingoja mwenzake ainuke kwanza, mpaka Haruko akawainua wote wawili akicheka. Mezani Baba alikiangalia kile kibakuli cha wali unaonata, akaviacha vijiti, akaufinyanga wali kwa vidole kama obusuma, ugali wetu. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Bwana Kenji akamtazama, akaweka vijiti vyake chini, akafinyanga tonge lake.

Asubuhi yake tulikwenda uwanjani. Mafahali walifungana pembe, vumbi likatimka, na Baba akawa kijana tena, anapiga kelele kwa Kiluhya. Fahali wa Bwana Kenji alianza kumsukuma mwenzake nyuma. Ghafla wanaume wakaruka ndani, wakamkamata kila fahali mguu wa nyuma kwa kamba, wakawaachanisha.

Baba alisimama. "Mbona wanawatenganisha? Yule alikuwa anakaribia kukimbia!"

Haruko akatafsiri. Bwana Kenji akajibu taratibu.

"Anasema ndiyo maana," Haruko akatuambia. "Fahali akishakimbia, moyo wake unavunjika. Hapa hakuna anayeachwa ashindwe."

Baba aliketi. Kwao ni desturi fahali azungushwe uwanjani baada ya pambano, na Bwana Kenji alikuja akamkabidhi Baba kamba. Dume lile lilikuwa bado linatoa povu, linakwaruza ardhi kwa kwato. Baba akaanza kuimba kwa sauti ya chini, wimbo ambao kwetu mwenye fahali humsifia nao. Sikio la fahali likageuka kumfuata. Wakatembea pamoja, mzunguko mzima, na watu wakampigia makofi.

"Anamsifu fahali wetu?" Haruko aliuliza.

Nilitikisa kichwa kukataa. Jina alilokuwa akilitaja Baba lilikuwa la Radi.

Tukiwa kwenye ndege ya kurudi nilimuuliza habari za Radi. "Sikumwonea aibu, mwanangu. Nilikuwa namsikitikia. Watu walimcheka, na yeye alikuwa amenipa nguvu zake zote."

Jumamosi iliyofuata tulikuwa Khayega, ngoma za isukuti zikirindima. Fahali mchanga wa jirani yetu alipoanza kutetemeka miguu, Baba aliingia na kamba. Umati ulimzomea.

"Mzee, unatuharibia mchezo!" jirani alifoka.

"Imemtosha leo," Baba akasema. "Mrudishe nyumbani angali anajiona mshindi."

Nilisafiri kwenda kuujua utamaduni wa Wajapani, na niliufurahia kila dakika. Lakini mtu niliyerudi nikimfahamu zaidi ni huyu aliyenizaa.