Wimbo Ulioponyoka Teksini

Kabla hajawasha gari, dereva teksi hupuliza vumbi kwenye tundu la simu, huchomeka waya unaoiunganisha na redio, kisha huukandamiza kwa kidole ili muziki usikatike. "Waya huu unataka kubembelezwa," husema, kwa sauti nzito ya mtu asiyewahi kumbembeleza yeyote. Mkewe alikuwa amerudi kwao kwa sababu hiyohiyo. Siku moja mvua ikamlazimisha mama mkwe kupanda teksi yake. Kwenye foleni, dereva akapapasa simu amwekee kwaya, spika zikatoa sauti yake mwenyewe, akiimba puani: "Rudi, mama watoto, hata chai naiunguza!" Akachomoa waya, simu ikaendelea kuimba mapajani.

"Mwache amalize," mama mkwe akasema.

"Nani, mama?"

"Huyo chizi anayeunguza chai." Wimbo ulipokwisha, akajifuta machozi ya kicheko. "Sauti huna, mwanangu. Umemtumia?"

"Naona aibu."

"Mimi mkweo nimeshausikia, aibu gani tena imebaki? Tuma!"

Akatuma. Foleni haijasogea, jibu likaingia: "Njoo unichukue. Ila usiimbe."