Mabibo Tuliyoyamwaga Shimoni

Harufu ya bibo linalooza huanza kwa utamu, kisha hugeuka uchachu unaokaba koo. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, kila msimu wa korosho, kijiji chetu karibu na Mpapura kilinuka hivyo. Watu walinyofoa korosho wakazijaza kwenye magunia, na tunda lenyewe, jekundu, lililojaa maji, wakaliachia nzi. Nilikuwa na miaka tisa, nikidhani ndivyo dunia ilivyo.

Bibi yangu mzaa mama hakudhani hivyo. Alikuwa amevuka Ruvuma akikimbia vita Msumbiji, na njaa alikuwa ameiona kwa macho yake. Mwaka ule mihogo yetu iliozea ardhini kwa ugonjwa, basi akanifundisha kazi. Bibo hukamuliwa siku lilipoanguka. Maji yake hutiwa kwenye uji siku hiyohiyo, kabla hayajachacha. Nyama inayobaki huanikwa kwenye jamvi na kugeuzwa asubuhi na jioni, mpaka ikauke kama ngozi. Hiyo tuliiita kochoko, na ikitunzwa vizuri hufika masika, wakati ghala ni tupu. Akiba haiozi, alikuwa akisema.

Siku moja baba alirudi kutoka msikitini akakuta jamvi limejaa. Alisimama kama aliyekanyaga kaa la moto. Pale kijijini, mabibo yaliyokamuliwa yalimaanisha jambo moja tu: gongo.

"Mama, watu watasema nyumba yangu inapika pombe," alimwambia bibi.

Bibi alimweleza taratibu kwamba hakuna tone lililoachwa lichache, aonje mwenyewe. Baba hakuonja. Alinipa jembe. Nilichimba shimo nyuma ya choo, nikamwaga kazi yetu ya wiki tatu, bibi akinitazama.

Masika yalipoingia tulikula ming'oko, mizizi ya porini inayotaka nusu siku ya kuchimba ili upate mlo mmoja. Mdogo wangu Somoe aliacha kucheza, akawa anakaa kizingitini tu. Ndipo jirani yetu Mama Hadija, ambaye baba aliuogopa ulimi wake kuliko wa mtu yeyote, alipotuletea bakuli la kochoko zilizopikwa kwa karanga. Kumbe naye alianika, ndani ya ua, kwa siri, akituogopa sisi. Baba alilishika lile bakuli muda mrefu.

"Kula, baba Zuhura," bibi alimwambia, akimwita kwa jina langu. "Ni yaleyale ya shimoni."

Hasira yangu haijapoa mpaka leo, na si kwa baba peke yake. Juzijuzi, kwenye arusi Chikongola, niliona masufuria ya pilau yakimwagwa jalalani. Mwenye shughuli alipika maradufu, akiogopa watu waseme chakula hakikutosha. Ni hofu ileile. Tunapikia midomo inayosema, inayokula tunaisahau. Wala dawa yake si ngumu, ndugu yangu: uliza wanakuja wangapi, pika kwa kiasi hicho, na kinachobaki kifungashe kingali cha moto umpelekee jirani. Mkorosho ukidondosha mabibo, kamua.

Sasa nalima katika kijiji cha Ziwani. Jamvi langu nalitandika mbele ya nyumba, kando ya njia ya msikitini, kila mtu aone. Msimu uliopita baba alikuja kunitembelea, akiegemea mkongojo. Aliinama, akaokota kochoko moja, akaitafuna polepole. Kisha akakaa chini, akaanza kuzigeuza zilizobaki, moja baada ya nyingine, huku watu wakipita.