Wati mia mu kisanduku cha Emile

Véronique anauzisha sabuni ku soko ya Kasongo, lakini mapenzi yake ni foni, ile radio ya kuongea na watu wa mbali. Fundi Emile wa Wamaza alimutengenezea kisanduku cha kupeleka sauti ya foni ku bande ingine, njia ingine ya mawimbi. Akamuonya: «Dada Véro, shusha puissance, nguvu ya foni, kwanza. Wati tano tu. Ukipita, kinaungua.»

Véronique hana subira. Akakifunga ku foni, akabonyeza mikro, foni ikiwa bado ku wati mia. Moshi ikatoka.

Alikitoa, akarudi ku bande ya kila siku, akamuambia Emile: «Kimekufa tu, sijue sababu.» Uongo mufupi, lakini uongo.

Kesho yake Emile akaita ku foni. «Dada, ni soudure yangu, pale niliunganisha waya. Mikono imechoka. Kazi ya radio naiacha, naenda kulima muhogo.»

Ku foni hakuna siri: watu wa Lusangi wanasikia, wa Nyangwe wanasikia. Lakini Emile alijilaumu mbele ya hao hao.

Véronique akabonyeza mikro: «Emile, soudure yako ilikuwa muzuri. Ni mimi sikushusha puissance, niliiacha ku wati mia. Nilikudanganya. À vous, sema sasa.»

Mutu wa Nyangwe akapasuka kicheko: «Mama Wati Mia! Ulitaka kupika ugali ndani ya kisanduku?»

Emile alingoja kicheko kiishe. «Dada, usiku muzima nilikuwa naangalia hii mikono yangu. Ungesema jana.»

Véronique akabonyeza mikro tena: «Nisamehe, Emile. Usiache kazi, kisanduku nilikiunguza mimi.»